Ndama Asiye na Alama

Tulimzika Paulina kijijini kwao Kansay, pembeni mwa shamba lake mwenyewe, siku yenye upepo mkavu uliokuwa ukigeuza kurasa za kitabu cha padri kabla hajamaliza kuzisoma. Baada ya mazishi tulikaa kwenye mabenchi ya shule tukila makande, na mama mmoja tuliyebanana naye akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nilimwambia niliwahi kukaa naye nyumba moja kwa mwaka mmoja, zamani sana, tulipokuwa walimu Endabash. "Mwaka mmoja tu?" akasema, huku akitazama viatu vyangu, ambavyo vilikuwa viatu vya mtu aliyetoka Dar es Salaam bila kuuliza kama Kansay kuna mawe. Mwaka mmoja tu. Kuna watu nimekaa nao miaka ishirini na sijui wanapenda chai yao iweje. Ya Paulina naijua mpaka leo: majani mengi, maziwa mengi zaidi, na sukari ikipatikana, ambayo mwaka ule haikupatikana. Nilikula makande yangu nikamaliza, nikaongezewa, na nikiwa katika bakuli la pili nikajikuta nacheka peke yangu msibani, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka ndama.

Ya kwetu na ya utoto wangu nayaruka. Hayana jambo ambalo msomaji hatalipata, tena limesimuliwa vizuri zaidi, katika kumbukumbu za mtu mwingine. Nianze pale niliposhushwa na lori la mahindi mbele ya shule, mwisho wa miaka ya sabini, nikiwa na umri wa miaka ishirini, cheti cha kidato cha sita, godoro lililokunjwa, na maoni makubwa sana juu yangu mwenyewe. Siku hizo mtu hakuruka kutoka kidato cha sita hadi chuo kikuu. Ilibidi kwanza ufanye kazi miongoni mwa wananchi, kisha mkubwa wako wa kazi aandike kwamba una bidii na huna majivuno. Bidii nilikuwa nayo. Nilipewa darasa la pili na nusu ya nyumba ya walimu. Nusu ya pili ilikuwa ya Paulina, aliyenizidi miaka kumi, mwenyeji kabisa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe na picha ya Bikira Maria aliyoikata kwenye kalenda. Ukuta kati ya vyumba vyetu haukufika kwenye mabati, kwa hiyo kila alichosema usingizini nilikisikia, naye alisikia kila ukurasa niliougeuza. Jiko lilikuwa nje, la udongo, na ndiko nilikokuwa nikilia, maana jikoni mtu ana kisingizio.

"Kuni za leo zina moshi kweli," Paulina angesema, akiingia na sufuria.

"Mbichi," ningejibu.

"Mbichi. Nilizikausha mwenyewe tangu Pasaka."

Hakuna aliyenitendea ubaya, ndilo lililoniudhi. Walimu wenzangu walikuwa wakiongea Kiiraqw wakati wa chai, na nilipoingia walihamia Kiswahili papo hapo, kwa heshima, kama watu wanaomsogezea mgeni kiti. Na mazungumzo yenyewe yalipoa. Baada ya wiki tatu nilianza kuchelewa chai makusudi ili watu wafurahi. Nilijiona nimejitoa mhanga. Leo nikikumbuka naona msichana aliyekuwa akikosa viazi vitamu vya moto kwa kiburi tu.

Darasani kwangu alikuwepo mtu mwingine mwenye shida hiyo hiyo, ila yeye hakuwa na majivuno. Aliitwa Nasieku, mtoto wa Kimaasai wa miaka tisa hivi, aliyeletwa na baba yake kutoka Olbalbal, siku tatu kwa miguu, kule chini kwenye uwanda ambako maji hutafutwa kutwa nzima. Alikaa kwa Mzee Margwe, mkulima wa jirani na shule. Baba yake Nasieku na Mzee Margwe hawakuitana kwa majina. Waliitana Pakiteng. Ni desturi ya Wamaasai kwamba mtu akimpa rafiki yake ng'ombe, tangu hapo wote wawili wanaacha majina yao na kuitana kwa zawadi hiyo. Aliyetoa na aliyepokea, wote Pakiteng. Mzee mmoja alikuwa na ng'ombe na hakuwa na majani, mwingine alikuwa na majani na mabua ya mahindi, na urafiki wao ulikuwa umepita ukame mwingi. Kwa hiyo mzee wa Olbalbal alipoamua kwamba mtoto wake mmoja asome, hakufikiria shule nyingine. Nilikuwepo ofisini siku alipomkabidhi. Alisimama, hakutaka kiti.

"Mahindi yakivunwa nitakuja," alimwambia mwalimu mkuu. "Nikimkuta amenyauka, naondoka naye."

"Amenyauka kimwili, mzee, au kimasomo?"

"Wewe una watoto mia tatu hapa. Hujui mtoto akinyauka?"

Nasieku alikaa mwisho wa benchi, dirishani. Kiswahili chake kilikuwa "shikamoo" na "bado", na maneno hayo mawili aliyatumia kwa uangalifu mkubwa. Wenzake hawakumchokoza. Walimpita tu, kama maji yanavyopita jiwe. Wakati wa mapumziko alisimama kwenye uzio akiangalia kaskazini, kwenye milima ambayo nyuma yake ndiko kwao. Mwezi wa tatu mifupa ya mabega ilianza kuonekana chini ya shuka. Mahindi yalikuwa yameshafika kifuani, na mimi nilikuwa nayaangalia yakirefuka kama mtu anayeangalia saa.

Hapo ndipo nilipoamua kutunga kitabu. Ningependa kuandika kwamba nilisukumwa na huruma peke yake, lakini Paulina ameshakufa na hawezi kunisuta, kwa hiyo nitajisuta mwenyewe: niliwaza pia kwamba mwalimu anayetengeneza kitabu kwa mikono yake lazima ataandikiwa barua nzuri ya chuo kikuu. Karatasi hazikuwepo. Tulikuwa na kitabu kimoja cha kusoma kwa watoto saba, na watatu kati yao walikuwa wamezoea kukisoma juu chini. Nilikwenda palipokuwa pakijengwa zahanati nikaomba mifuko ya saruji, nikatoa karatasi za tabaka la katikati ambazo saruji haijazigusa, nikazikata, nikazishona kwa uzi wa katani. Rangi ilikuwa mkaa, udongo mwekundu, na wino wa bluu wa mwalimu mkuu, ambao sikumwomba. Hadithi ilikuwa ya ndama mweupe aliyekuwa peke yake kwenye uwanda. Anamwendea kanga, kanga anaruka. Anamwendea kobe, kobe anajifungia. Mwisho anafika kwenye dimbwi, anajitazama majini, anajiona anapendeza jinsi alivyo, na upweke unakwisha. Mpaka leo sijui ndama anaridhika vipi kwa kujitazama, lakini nilikuwa nimesoma vitabu.

Paulina alikishika kwa vidole viwili, maana alikuwa anakanda unga. "Hii ni nini?"

"Ndama."

"Ah. Nilidhani meza imepinduka."

"Ni mpweke, Dada Paulina."

"Naona. Ana macho yako." Aligeuza kurasa mbili, tatu. "Na mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye ndama."

"Hahitajiki. Hadithi yenyewe ni ya upweke."

"Haya, Mtaalamu," akasema, jina alilonipa wiki ya kwanza, akarudi kwenye unga wake.

Nilikisoma siku ya Jumatatu, nikiwa nimevaa gauni langu zuri. Watoto walijazana mbele mpaka vumbi likapanda. Nikafungua ukurasa wa kwanza: ndama, uwanda, anga. Nikangoja huruma iwajae. Walikuwa watoto waliochunga tangu walipoweza kushika fimbo, na wote waliinama kutazama picha kama mafundi wanaotazama injini.

"Mwalimu, ni wa nani?" aliuliza wa kwanza.

"Si wa mtu. Yuko peke yake."

"Kwa hiyo kapotea."

"Hakupotea. Ni mpweke."

Nilikuwa nimewapa ndama ambaye hakupotea na hana mwenyewe, na walikuwa wanajitahidi kwa adabu kumwelewa. Ndipo Basilisa, binti wa Mzee Margwe, aliyekuwa wa kwanza darasani na hakuficha jambo hilo, akaweka kidole kwenye karatasi.

"Masikio hayana alama."

Wote wakasogea. Kweli hayakuwa na alama. Kule, ng'ombe wa kila ukoo wana mkato wao sikioni, na mtoto wa darasa la pili anausoma haraka kuliko anavyosoma jina lake.

"Basi ameibiwa," alisema mtoto mmoja nyuma. "Ameibiwa kabla hajakatwa."

"Nani kamwiba?"

Sikumwona aliyeanza. Niliona tu vichwa vikigeuka, kimoja baada ya kingine, bila chuki, kama vinavyogeuka mlango unapofunguliwa, mpaka darasa zima likawa linatazama mwisho wa benchi, dirishani. Majumbani mwao, jioni, walikuwa wamesimuliwa habari za zamani za mifugo iliyochukuliwa na vijana wa Kimaasai. Na kule Olbalbal, bila shaka, walisimuliwa habari hizo hizo kwa mwisho tofauti. Nasieku hakuelewa maneno. Macho aliyaelewa. Nilisoma kurasa zilizobaki kwa sauti kubwa na hakuna aliyenisikiliza. Wakati wa mapumziko niliusikia wimbo, wenye makofi na mwendo mzuri wa kuruka kamba: mwizi wa ndama, mwizi wa ndama. Jumanne Nasieku hakuja. Jumatano pia hakuja. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka majani ya chini.

Jumatano hiyo jioni Paulina aliniwekea ugali na maziwa ya mgando, akakaa mbele yangu bila kula.

"Nilikuuliza mwenyewe yuko wapi."

"Nilidhani unatania."

"Natania kuhusu chumvi. Natania kuhusu nywele zako. Ng'ombe sitanii." Alikunja mikono. "Ng'ombe akionekana peke yake, mtoto wa huku haoni upweke. Anaona mtu atakayechapwa. Umechora kosa, ukaliacha katikati ya darasa bila mwenyewe, na watoto wakalitafutia mwenyewe."

Nilisema nitaomba uhamisho. Nilisema sifai. Nilisema mengi, na mengi yalikuwa juu yangu. Aliningoja nimalize.

"Baba yake anakuja baada ya wiki chache," akasema. "Akimkuta hivi, hakuna shule tena, wala kwake wala kwa wadogo zake. Kesho baada ya vipindi tunakwenda. Chukua kitabu."

"Nikasome tena?"

"Usisome. Ukae tu. Shida yako wewe unasoma mno."

Nyumba ya Mzee Margwe ilikuwa ya zamani, ndefu, ng'ombe upande mmoja na watu upande mwingine, na mwanga wa alasiri uliingia mlangoni ukafika mpaka kwenye kwato. Nasieku alikuwa upande wa ng'ombe, amekaa kwenye majani makavu, ameegemea ng'ombe mwekundu mzee aliyekuwa akicheua. Mama Basilisa alitukaribisha, akatupa vigoda na vibuyu vya maziwa. "Tangu juzi yuko pale," alisema kwa sauti ya chini. "Chakula anakula akimaliza kila mtu." Basilisa alikuwa amejikunyata karibu na jiko, ameshachapwa au anajua atachapwa, haikuwa rahisi kutofautisha. Niliomba radhi. Nilisema Kiswahili, Paulina akasema Kiiraqw, Mzee Margwe akasema Kimaasai, na mpaka samahani yangu ilipomfikia mtoto ilikuwa imepita mikono mitatu, na nadhani ilitakata njiani, kwa sababu alinyoosha mkono kutaka kitabu.

Alimtazama yule ndama muda mrefu. Kisha akainuka, akapita katikati yetu mpaka jikoni, akachukua kipande cha mkaa, akarudi, akapiga magoti. Alimkata ndama wangu sikio la kushoto: mkato mmoja nchani, mkato mmoja chini yake. Alifanya polepole, akiwa ameuma ulimi, kama mtu anayeogopa kumuumiza. Halafu akatugeuzia kitabu tuone.

Basilisa aliinuka kwenye kona yake. Alikitazama kitabu, akaenda kwa yule ng'ombe mwekundu, akamshika sikio, akalivuta kuelekea mlangoni penye mwanga. Mkato mmoja nchani, mkato mmoja chini yake.

"Ni wa kwetu," akasema.

"Wa kwetu!" Mzee Margwe alicheka hadi akakohoa. "Huyo ni wa Pakiteng. Na mama yake alikuwa wa Pakiteng. Maziwa uliyokunywa tangu hujaota meno ni ya baba yake Nasieku."

Basilisa hakujua. Ng'ombe waliowekwa kwa rafiki hawatajwi mbele ya watoto, kwa sababu watoto husema hadi kisimani. Alimwachia ng'ombe sikio. Nilimwona akihesabu maziwa yote hayo, asubuhi na jioni, miaka tisa, na uso wake ukabadilika rangi. Aliwatazama baba yake, ng'ombe, Nasieku. Kisha akasema kwa Kiiraqw maneno ambayo Paulina alinitafsiria baadaye njiani: "Basi sogea na mimi nikae."

Ijumaa walikuja wote wawili, na Basilisa akaniambia kitabu kisomwe upya na atakisoma yeye. Sikubishana. Alikisoma, ila hakusoma nilichoandika. Ndama alikuwa na mwenyewe, kila mtu angeweza kuona sikio lake. Hakupotea wala hakuibiwa. Alipelekwa kukaa kwa rafiki ya baba yake, penye majani, na bado alikuwa anawazoea. Kanga aliruka kwa sababu kanga ndivyo walivyo. Alipofika ukurasa wa mwisho, penye dimbwi, aliniuliza kwa upole, kama mtu anayesahihisha mzazi: "Mwalimu, kwa nini anajitazama? Si anakunywa?" Nilichukua kalamu nikafuta "Akajiona anapendeza jinsi alivyo." Nikaandika "Akanywa." Ni sentensi bora kuliko zote zilizo na jina langu, na si yangu.

Baada ya hapo sikuwa na amani ya karatasi. Kila mtoto alitaka mnyama wa kwao awemo, na alama yake, na aliyejua kuchora mnyama anayefanana na mnyama hakuwa mwalimu. Nasieku alihamia benchi la kati kwa sababu za kikazi. Foleni ilianzia kwake. Alijifunza majina ya wenzake kwa masikio ya ng'ombe wao, na maneno yakafuata yenyewe, ya Kiswahili kidogo na ya Kiiraqw mengi. Alikuwepo Daniel, ambaye kwao walikuwa na kuku tu, naye alikaa nje ya foleni siku mbili akijifanya anachonga fimbo. Nasieku alimchorea mbuzi mwenye ndevu, akauchana ukurasa ule, akampa mbuzi awe wake. Mbuzi kwa Kimaasai naye ana jina lake la urafiki, na wawili hao wakaitana Pakine mpaka mwisho wa mwaka. Mimi nami nilianza kuwahi chai. Nilikaa kwenye kona na kiazi changu, nikawaambia wasihame lugha kwa ajili yangu, na kwa mwezi mzima nilikaa pale bila kuelewa neno, nikiwa na furaha ya kijinga. Siku moja walicheka nami nikacheka kabla Paulina hajanitafsiria. "Umejuaje?" akauliza. Nilijua kwa sababu walikuwa wananisema mimi.

Baba yake Nasieku alikuja wiki ya mavuno, saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko. Tulimwona akivuka mashamba yaliyofyekwa, mrefu, vumbi mpaka magotini. Mwalimu mkuu alitoka ofisini akiwa na daftari la mahudhurio, akaona halitamsaidia, akalirudisha. Nilimpelekea mzee kitabu. Alikifungua akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, bila kutabasamu, akiangalia masikio. Kwenye la ndama wangu alisimama. "Mkato wa chini umezidi kidogo," akasema, akanirudishia. Kisha akamwita binti yake.

Nasieku alikuja mbio, akainamisha kichwa mbele ya baba yake, naye akaweka kiganja juu ya kichwa hicho, ndiyo salamu yao. Akamuuliza jambo, kwa Kimaasai, kwa urefu, na sote tulijua alichokuwa akiuliza. Nasieku akajibu haraka, akitazama nyuma kwa wenzake. Paulina, aliyesimama karibu yangu, akajiziba mdomo. Mtoto alikuwa amejibu kwa Kiiraqw, na hakuwa amegundua.

Mzee hakuelewa. Alitugeukia. "Amesema nini?"

"Amesema amekuona, mzee, na amefurahi sana," alisema Paulina. "Lakini hawezi kukaa. Ni zamu yake kwenye kamba."

Nasieku naye aligundua, akaweka mkono mdomoni, akacheka, akaanza upya kwa Kimaasai. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho. Sijaona tena uso wa mtu uliofurahi na kuumia kwa kiasi kile kile. Alimwondolea mkono kichwani, na mtoto akaondoka mbio kama alivyokuja.

"Nitamfuata likizo," alimwambia mwalimu mkuu. "Lugha ya kwao asiiache."

"Hataiacha, mzee."

Hakuondoka. Alisimama akitazama uwanjani, ambako kamba ilikuwa imeanza kuzunguka, Basilisa ameshika ncha moja na Daniel ncha nyingine, na shuka nyekundu ikipanda na kushuka katikati.

"Zamu yake inaisha lini?" akauliza.

"Mpaka akosee," alisema Paulina.

Mzee aliangalia kidogo zaidi. Kisha akatafuta jiwe kivulini, akakaa, akalaza fimbo yake magotini. "Hakosei upesi," akasema, akatulia kungoja.